Madaftari Niliyoyatoa Begini Mwako

Nyakuron, Juba
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Simiyu, baba yangu,

Kabla hujafungua begi lako na kuanza kulaumu watu, acha niseme mwenyewe: madaftari hayamo. Yote saba. Niliyatoa asubuhi ulipokuwa umeenda kunyolewa, na nafasi yake nikaijaza lile blanketi ulilokataa kubeba. Usimfokee mlinzi, hajui lolote. Ni mimi. Sasa uko kwa wenzako mnaagana, nami nimekaa mezani na kalamu, jenereta ya jirani inanguruma, na nina saa chache za kukueleza kwa nini mama yako mzazi amekupekua kama askari wa mpakani.

Najua utakachosema. "Mama na shuku zake." Mwaka jana uliniambia kwamba hata nikipewa zawadi naigeuza kwanza niangalie chini. Kweli, naangalia. Mwenye lori la maji akisema ameshajaza tangi, napanda juu nichungulie. Mchungaji akisifu sauti yangu kanisani, najiuliza ni mchango gani unakuja. Yule mpishi wetu wa kwanza nilimfukuza kwa ajili ya sukari iliyopungua, na wiki iliyofuata nikawakuta sisimizi wamejenga mji ndani ya kopo. Sikumtafuta kumwomba radhi. Ndivyo nilivyokuwa hapa Juba, na sitakudanganya kwamba nilizaliwa hivyo.

Mambo ya sweta na dawa ya kifua kwa baridi ya huko uendako sitayagusa. Wewe ni mtu mzima mwenye digrii mbili, na shangazi yako wa Kitale ameshakuandikia ukurasa mzima kuhusu soksi. Mimi nataka tuzungumze kuhusu huyo profesa wako.

Amekuandikia barua pepe nne. Nimezisoma. Uliacha kompyuta wazi, na mimi nina macho. Ya kwanza anasema anafurahi kukualika uwe mtafiti mgeni kwa mwaka mmoja, kwenye idara yao ya sayansi ya uendelevu na sera za mazingira. Hiyo uliniita mwenyewe nikaisoma pamoja nawe, nikapiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakabweka. Ya pili, anauliza kuhusu madaftari ya mama yako. Ya tatu, anauliza kama yana majina ya watu au ya mahali tu. Ya nne, anakukumbusha usiyatie kwenye mzigo mkubwa, uyabebe mkononi. Hebu nieleze, baba. Huyo mtu hajakuuliza hata kama unakula nyama. Amemwalika nani, wewe au madaftari?

Huenda ni mtu mwema kabisa anayependa kazi yake. Simjui. Lakini namna hiyo ya watu naijua, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja Juba nikiwa hivyo hivyo.

Wewe hukuwepo. Ulikuwa kidato cha tatu, kwa shangazi. Mkataba wa amani ulikuwa na mwaka na ushee, na mji ulikuwa mahema na makontena. Mimi nililala kwenye kontena karibu na mto, nikapewa kadi yenye jina langu na chini yake "mhadhiri mgeni", nikapewa gari na dereva. Miezi sita. Haki ya Mungu, Simiyu, hakuna raha kama ya kuwa mgeni msomi. Unafika kijijini unatafutiwa kiti chenye mgongo, na wenyeji wanakaa kwenye magogo. Ukisema jambo la kipumbavu, kuna mtu analiandika. Halafu mvua ikianza na barabara zikikatika, mkataba wako umeisha, uko Kitale unachoma mahindi. Yale uliyoyasema wanabaki nayo wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuuliza watu wa kijiji kimoja ng'ambo ya daraja wanaitumiaje ardhi yao, ili wenye mradi walionialika waandike mpango wa misitu endelevu. Kibari, lugha ya wenyeji, nilikuwa sijui hata salamu, na Kiarabu changu cha Juba kilikuwa "tamam" na "shukran", basi. Ndipo nikapata mkalimani, Lado.

Tulia, usikunje uso. Soma kwanza.

Lado alikulia Uganda, kwenye kambi za wakimbizi, akarudi na Kiswahili cha huko. Siku ya kwanza kilinichekesha. Siku zilizofuata ndicho kilichonilisha. "Daktari," aliniambia asubuhi ya kwanza, "hapa watu hapana sema kama wewe naandika. Weka kalamu chini. Mimi iko nakumbuka yote." Na kweli alikumbuka. Jioni tulikaa nje ya kontena na taa ya mafuta, anasema naandika, mimi nikichoka anaandika mwenyewe: kisima gani hakikauki mwezi wa tatu, mti gani haukatwi na kwa nini, ng'ombe wa nani hupitia wapi mto ukifurika, nani amezikwa wapi na nani anajua kaburi. Ukiyafungua yale madaftari utaona miandiko miwili. Ule mkubwa wa haraka haraka ni wangu. Ule mwembamba unaolalia kushoto ni wa Lado. Zaidi ya nusu ni wake. Umeyasoma mara ngapi, na hukuwahi kuniuliza huo mwandiko wa pili ni wa nani. Nami nilishukuru hukuuliza.

Mikutano yetu unaijua inavyokwenda. Maombi, hotuba, hotuba nyingine, mchana mbuzi na mkate wa kisra na soda. Kabla ya chakula inazungushwa karatasi ya mahudhurio: jina, kijiji, sahihi. Asiyejua kuandika anachovya kidole gumba kwenye wino wa bluu. Nani huisoma? Hakuna. Mtu anaweka kidole apite kwenye sahani. Sote tunajua maana yake: nilikuwepo, nilikula. Siku ya mkutano wetu mkubwa, kwenye darasa la mabati, niliizungusha mwenyewe. Niliwashika akina mama mikono, "hapa, mama, hapa," nikijisikia fahari kwamba watu wamejaa hadi dirishani. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mama Poni, mjane mwenye shamba la mtama na bamia karibu na kile kisima kisichokauka. Wino ulimbaki kwenye kucha, akacheka, akaufuta kwenye mkono wangu.

Mwaka uliofuata nguzo za ua zikachimbiwa katikati ya bamia za Mama Poni. Kampuni ya kupanda miti ilikuwa imepewa ile ardhi yote hadi kisimani. Na kwenye makubaliano, nyuma ya ukurasa uliosema wananchi wameridhia, kulikuwa na kurasa tatu za vidole vya bluu. Mahudhurio yangu. Kile kichwa cha juu kilichosema ni mahudhurio kilikuwa kimefunikwa wakati wa kutoa nakala.

Haya uliyasikia kwa simu, na ulipokuja kuishi nami ukayasikia tena. Mama alidanganywa. Mkalimani wake aliuza karatasi kwa watu wa kampuni. Mama akamfukuza. Ndivyo nilivyokuambia wewe, ndivyo nilivyowaambia watu wa kanisani kule Kator, ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti yangu, kwa lugha ya adabu. Watu walinipa pole. Nikaalikwa kwenye makongamano kueleza jinsi jamii zinavyohadaiwa. Hata hii kazi ya kudumu hapa chuoni, sidhani ningeipata bila ile pole. Nawe, mwanangu, ukaenda kusoma mazingira kwa sababu ya hadithi hiyo. Uliiandika kwenye fomu ya chuo, nikaisoma, nikalia, ukadhani nalia kwa furaha.

Unakumbuka tulipoenda sokoni Malakia kutafuta betri ya redio? Lado ana kibanda pale sasa, anatengeneza redio na kuchaji simu za watu. Alituona kabla hatujamwona. Akaweka kazi chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Daktari, karibu. Huyu ndiyo kijana? Kijana, habari ya masomo?" Wewe ukamgeuzia mgongo. Wewe, niliyekulea kumsalimia kila mtu hadi walevi. Ukaniambia kwa sauti ili asikie, "Mama twende, hapa kuna wezi." Na mimi, badala ya kukuzaba kofi mbele ya soko zima, nilikushika mkono tukaondoka. Tangu siku hiyo nazunguka mbali nisipite kile kibanda.

Sasa nikuambie ilivyokuwa. Nimeshaenda kuchemsha chai mara mbili ili nisifike hapa.

Wiki ya mwisho ya mkataba wangu, msimamizi wa mradi aliniita ofisini. Mtu mpole, sauti ndogo, hakuwahi kunikosea adabu hata siku moja. Mezani kwake kulikuwa na barua ya kuniongezea mwaka mzima, haijatiwa sahihi. Kando yake kulikuwa na karatasi nyingine, kurasa chache. Akasema, "Daktari, tunahitaji kuonyesha kwamba jamii ilishirikishwa. Una mahudhurio?" Hakuniahidi kitu. Hakunitisha. Aliziweka tu zile karatasi mbili kwenye meza moja, akatoka kwenda kuagiza chai, na akachelewa. Unanijua, siwezi kuachwa na karatasi nisiisome. Nikaisoma. Ilisema watu wafuatao, kwa hiari yao, wamekubali kuitoa ardhi yao. Wafuatao hawakuwepo. Nafasi yao ilikuwa imeachwa wazi.

Nilijua, Simiyu. Nilijua kabisa. Nilijiambia hiyo ni rasimu. Nilijiambia wakubwa watarudi kijijini kuuliza upya. Nilijiambia nina mtoto anayedaiwa karo, yaani wewe, hata wewe nilikutumia. Nilikuwa na sababu tano kabla chai haijafika. Nikafungua mkoba, nikatoa zile kurasa tatu, nikaziweka juu ya meza. Tukanywa chai. Barua yangu ikatiwa sahihi siku hiyo hiyo.

Lado hakuwepo hata Juba. Alikuwa ameenda Yei kumzika shangazi yake.

Subiri, hayo bado si mabaya zaidi. Nguzo ziliposimama, Mama Poni alikuja hapa kwangu. Mtoto wa kaka yake alikuwa amempatia nakala ya makubaliano, ameikunja ndani ya leso. Lado alikuwepo, tulikuwa tunapanga safari nyingine. Mama wa watu hakupiga kelele. Aliikunjua pale mezani ninapoandikia sasa, akaweka kidole gumba chake kando ya kile cha bluu, akaniangalia, akasema maneno machache. Lado akanitafsiria, na sauti yake haikuwa ya kawaida: "Anasema, hii iko kidole yake. Anauliza, mtu kama alikula mbuzi, alikubali nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Wangenitukana, wangenipiga labda, na ningestahili. Nikamwambia Lado, "Mwambie karatasi zilikuwa kwako. Mwambie akuulize wewe."

Aliniangalia. Ningekuwa yeye ningevunja kiti. Yeye akamgeukia yule mama na kutafsiri. Neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, kama alivyofanya siku zote kwa yeyote aliyesema lolote. Kibari sikijui, lakini nilisikia jina lake mwenyewe likitoka kinywani mwake, na nikaona macho ya Mama Poni yakihama kutoka kwangu kwenda kwake. Kisha akaniambia, "Nimemaliza, daktari," akachukua kofia yake. Kile kijiji ni cha wajomba zake. Nasikia hajakanyaga tena huko.

Basi ndizo shuku zangu hizo. Watu hufikiri nashuku kwa kuwa niliibiwa. Aka! Nashuku kwa sababu najua ilivyo rahisi, jinsi mtu anavyoweza kufanya hivyo akiwa na tabasamu na kikombe mkononi, na Jumapili akaimba. Kila mtu mpole ninayekutana naye najiuliza ana nini mkobani. Profesa wako namwogopa, ndiyo. Lakini zaidi naogopa utakapokuwa mbele yake, mgeni, baridi imekushika, unapendwa, unataka wakuongezee mwaka. Ukiniuliza neno moja la kukufaa huko, ni hili: mtu akikuachia karatasi akatoka chumbani, toka naye. Mfuate hadi huko kwenye chai. Mwulize mbele ya watu ile karatasi ni ya nini. Utaonekana mshamba. Sawa, onekana.

Leo nilipoyatoa madaftari, nia yangu ilikuwa kuyachoma. Nilikuwa nimeshashika kiberiti. Halafu nikajiona pale nyuma ya nyumba nimechutama kama mchawi, nimechukua kitu cha mtu bila kumwuliza, tena. Tena, baba! Na kilikuwa hata si changu, hata si chako. Nikayatia kwenye kiondo, nikapanda bodaboda hadi Malakia.

Lado alikuwa amefungua redio ya mtu, vyuma vimetapakaa. Aliniona akainuka, akaniletea kibao. Akaagiza shai kwa mama muuza chai wa jirani. "Daktari, bado sukari tatu?" Bado anakumbuka. Akachukua daftari moja, akalifungua, akacheka. "Hii ni mimi? Nilikuwa naandika mbaya sana." Akaendelea kufungua, ukurasa baada ya ukurasa, na kicheko kikaisha. Nilikuwa nayo mdomoni, Simiyu, kweli yote. Mtu akaja na simu ya kuchaji. Akaja mwingine. Nikanywa chai hadi majani. Nikasimama nikasema nitarudi kesho na mwanangu. "Mafi mushkila, daktari, hapana shida," akasema, akanirudishia daftari akiwa amelifuta vumbi. Nikarudi nyumbani na madaftari yote kiondoni, kama mwoga niliyekuwa siku zote.

Sasa sikia. Ndege yako ni saa nane. Tutaondoka hapa saa tatu asubuhi, na tutapitia Malakia. Nataka nimwambie Lado mbele yako, kwa sababu peke yangu nimeona siwezi. Wewe utamsalimia ile salamu uliyomnyima, ukae kimya. Halafu madaftari ni yake kuamua, yeye na watu wake wa ng'ambo ya daraja. Akikuruhusu uende nayo, nenda nayo. Akisema yabaki, utaenda mikono mitupu, na huyo profesa akikupokea kwa uso ule ule, nitamwandikia mwenyewe kumwomba msamaha. Chuoni nitasema Jumatatu. Wanaweza kunifuta kazi. Wanifute.

Unaweza kunikasirikia. Usinikumbatie asubuhi kama huwezi, nitaelewa, nitaumia lakini nitaelewa. Lakini usipande ndege ukijivunia mama ambaye hayupo. Nakupenda kuliko jina langu zuri, nami nimechelewa sana kulithibitisha hilo.

Wewe ukishapaa, nitavuka daraja kwenda kwa Mama Poni, Lado aje au asije. Akija, sitamwachia kazi ya kunisemea. Nimemwomba mama anayeuza mboga hapo kona anifundishe kusema kwa Kibari: ni mimi niliyetoa karatasi, Lado hakujua. Nimekuwa nikirudia tangu adhuhuri. Amenicheka sana jinsi ninavyotamka, lakini anasema mtu akisikiliza ataelewa.

Mama yako